Mama Hiral, Vinyago Vyake na Kengele Ambayo Hakuigonga

Ijumaa, tarehe 31 Desemba 1999, saa nane mchana, Bi. Bhagwati Pranlal ataondoka katika chumba cha simu na kengele cha Mgodi wa Mwasengela akiwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi miwili ya utumishi. Aliajiriwa tarehe 30 Oktoba 1967 kuwa opereta wa swichibodi. Anastaafu akiwa Msimamizi wa Mawasiliano na Kengele za Usalama. Cheo hicho tumekiandika kwa ukamilifu kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kukitumia. Akipokea simu husema "Kengele," basi, nasi tunajua tumempata.

Mwandishi alipopewa kazi ya kuandaa wasifu huu, Mama Hiral, kama tunavyomwita kwa jina la binti yake, alifika masjala na sharti moja. Kosa lake la mwezi Oktoba liandikwe lote bila kulainishwa, la sivyo jina lake liondolewe kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga na watu wale pilau yao bila yeye. Tumelikubali sharti. Hata hivyo hakutuambia tuanzie wapi, kwa hiyo tunaanzia nyuma kidogo.

Alizaliwa mjini Shinyanga mwaka 1944, binti wa Mzee Pranlal aliyeuza vipuri vya redio na baiskeli nyuma ya stendi. Wengi waliokuja mgodini kutoka Mara, Kigoma na Singida walimwuliza kwa adabu kwao ni wapi, wakitegemea kusikia jina la mji wa ng'ambo. Jibu lake halijabadilika: "Shinyanga, nyuma ya stendi." Wapo kati yetu ambao baada ya miaka arobaini bado hawawezi kulijibu swali hilo kwa ufupi huo. Wazee wa Kisukuma waliomsalimu "mwangaluka" waliitikiwa vizuri kuliko wanavyoitikiwa na wajukuu wao, na baadhi yao walirudi kesho yake kumsalimu tena ili wahakikishe.

Sifa yake ya ufundi ilianza mwaka 1971. Kwa wiki nzima meneja wa wakati ule alikuwa akiomba simu ya Mwanza na kupewa jikoni, na mpishi akiomba unga stoo alijikuta anazungumza na posta ya Kahama. Fundi aliyeletwa aliikagua swichibodi nzima ikiwa inafanya kazi, akasema haina kasoro, akaondoka. Mama Hiral, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na saba na asiyekuwa na ruhusa ya kushika bisibisi, alingoja wapishi wapumzike na simu zitulie, akaanza kuchomoa kipande kimoja kimoja. Alikuwa amegongelea ubao wa sanduku la soda betri mbili na balbu ya tochi. Kila kipande alikiweka pale peke yake, mbali na wenzake, akakipa umeme kidogo na kukiuliza swali moja. Kipande cha kumi na saba kilikuwa na mjusi mkavu.

Tangu siku hiyo alikuwa na kanuni yake: kila mmoja aulizwe peke yake. Vitu vikiwa pamoja, alisema, hufichiana makosa kama ndugu kwenye baraza la usuluhishi. Ubao ule bado upo.

Ni lazima tuseme pia kwamba Mama Hiral ni mwoga. Tunalisema kwa heshima. Hajawahi kufunga mlango bila kurudi kuuhakikisha. Akikupa ujumbe, anakuomba uurudie, kisha anakupigia simu ukiwa njiani kuuliza kama bado unaukumbuka. Kazi yake kubwa, kwa wasioijua, ni kengele ya shimo kuu: baruti ikishalipuliwa na moshi wake kutoka, ni yeye anayegonga mara tatu, na hapo tu ndipo watu huruhusiwa kupanda lifti na kushuka. Akigonga mapema, wanashuka kwenye hewa yenye sumu. Katika miaka thelathini na miwili hakugonga hata siku moja bila kwanza kujifuta viganja kwenye sari.

Mwishoni mwa mwaka 1998 mgodi ulipata kompyuta mbili na ukurasa wa kukokotoa saa ya kurudi chini. Wataalamu walioutengeneza waliufunga kwenye kompyuta hizo, wakatuachia kitabu kinene cha Kiingereza na diski sita, wakaenda zao. Ukurasa ulifanya kazi kupitia mafaili manne yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript. La kwanza lilisoma saa ya kulipua ambayo msimamizi wa zamu aliijaza. La pili lilikadiria muda wa moshi kutoka. La tatu lilijumlisha na kuonyesha saa ya kushuka. La nne lilichapa orodha ya majina ya wanaoshuka.

Tatizo likawa lile lile la mwaka 1971. Ukirekebisha orodha ya majina, saa inapotea. Ukirudisha saa, majina yanajirudia mara mbili. Mwezi Februari ukurasa ulimwonyesha Bwana Chacha, msimamizi wa zamu ya jioni, kwamba anashuka chini akiwa watu wawili. Alisema anashukuru, lakini mshahara nao uje mara mbili.

Mama Hiral alikichukua kile kitabu. Kuanzia Machi hadi Juni alikisoma kila siku baada ya chakula cha mchana, rula chini ya mstari, akiandika pembeni kwa penseli. Alikuwa na miaka hamsini na mitano. Bwana Donatus, mkuu wetu wa usalama, anakiri sasa kwamba alimruhusu ili tu asiendelee kumpigia simu.

Alichokitengeneza ni ukurasa mwingine, wa kupimia ule wa kwanza. Aliuita Peke Yake. Upande wa kushoto kuna orodha ya mafaili. Ukichagua moja, linafunguliwa ndani ya fremu yake lenyewe, ambamo haliwezi kuwagusa wenzake wala kuguswa nao. Lakini faili lililozoea kupokea neno kutoka kwa jirani haliwezi kufanya kazi bila kulisikia. Kwa hiyo mahali pa kila jirani aliweka jirani wa bandia, mistari michache inayojibu neno lile lile siku zote. Hao aliwaita vinyago. Kinyago cha faili la kwanza, kwa mfano, hakisomi chochote. Ukikiuliza saa ya kulipua, kinakutajia saa uliyokipa, basi.

Jinsi alivyoupanga ukurasa ule ndiyo iliyoshangaza wengi. Kitufe cha kupimia kilikuwa kimoja tu, na hakikuamka mpaka mtu aandike kwanza jibu analolitarajia. Bwana Donatus aliona huo ni usumbufu. Mama Hiral alimweleza kwamba mtu akiona jibu kwanza, atajishawishi kwamba ndilo alilolitaka. Upande wa kulia aliweka taa ya kijani na nyekundu, lakini alipogundua kwamba Bwana Chacha hatofautishi rangi hizo mbili, jambo ambalo Bwana Chacha alikuwa amelificha tangu aajiriwe, aliongeza maneno SAWA na SI SAWA kwa herufi kubwa, na hakumwambia mtu sababu. Sababu hiyo tumeipata kwa Bwana Chacha mwenyewe, na ametupa ruhusa.

Kufikia mwisho wa Julai alikuwa ameyapima mafaili yote manne, majaribio mia moja na arobaini. Kila kosa lililojitokeza lilikuwa na anwani, na kila lililorekebishwa halikumsumbua jirani. Tarehe 2 Agosti alitia saini karatasi ya kuthibitisha kwamba ukurasa wa saa ya kushuka ni salama. Mgodi ulikuwa na kipima hewa kimoja tu, kilichokuwa kikienda Mwanza kutengenezwa kila baada ya muda. Kwa kuwa karatasi ilikuwepo, iliamuliwa kipima hewa hicho kitumike mara moja kwa wiki tu.

Wakati huo wote tulikuwa tukilipua mara moja kwa siku, saa nne asubuhi. Ukurasa ulisema moshi unahitaji dakika tisini, na kila mara ilikuwa kweli. Oktoba ilifunguliwa ngazi mpya ya kuchimba shimoni, ikaamuliwa tulipue mara ya pili. Jumanne tarehe 12 Oktoba, saa kumi alasiri, tulilipua kwa mara ya kwanza mchana wa jua kali tangu kompyuta zije.

Ukurasa ukasema watu washuke saa kumi na moja na nusu.

Muda ulipofika, Bwana Chacha na watu wake kumi na mmoja walikuwa wamesimama kwenye geti la shimo, kofia kichwani. Philomena Bujiku, opereta msaidizi kutoka Didia, alikuwa chumbani na Mama Hiral, naye ndiye aliyetusimulia yaliyofuata. Mama Hiral alijifuta viganja. Alishika kamba ya kengele. Kisha akaiachia, akakaa, akaomba daftari la kengele la mwaka 1974.

Mwaka huo, kabla Bwana Donatus wala Bwana Chacha hawajafika mgodini, tulilipua alasiri kwa miezi mitano. Mama Hiral hakukumbuka hesabu. Alikumbuka kungoja. Alikumbuka kwamba alikuwa akifuma sweta la Hiral, na kila alasiri mkono mzima wa sweta ulikuwa umeongezeka kabla hajagonga. Asubuhi hakuwahi kufuma zaidi ya vidole vinne. Alipolifungua daftari, saa za kengele zilikubaliana na sweta. Inakuwaje sasa ukurasa unatoa dakika tisini asubuhi na dakika tisini alasiri, wakati kila mzee wa mgodi anajua kwamba jua likishachoma, mvuto wa hewa shimoni hulegea na moshi hukaa?

Simu ya getini ililia. Bwana Chacha aliuliza kama kengele imekatika.

"Haijakatika. Sigongi."

"Mama Hiral, shikamoo tena. Taa zako zote zinasema sawa. Sasa tumwamini nani, taa au wewe?"

"Marahaba. Taa zimejibu nilichoziuliza, Chacha. Sijui kama niliuliza swali lenyewe."

Bwana Chacha alisema ofisini wanahesabu dakika, na meneja yuko getini hapo pembeni yake, na karatasi ya usalama ina saini ya Mama Hiral mwenyewe.

"Basi mwambie meneja kwamba mwenye saini amekataa," alisema Mama Hiral, akakata simu.

Bwana Donatus alikuja chumbani akipanda ngazi mbili mbili. Hatutaficha kwamba sauti zilipanda. Mwisho alikubali jambo moja: watu wawili wenye mitungi ya hewa washuke na kipima hewa. Walirudi baada ya dakika kumi na mbili. Hewa ya ngazi mpya ilikuwa na sumu mara saba ya kiwango kinachoruhusiwa. Mmoja wao, Bwana Athanas, alivua barakoa, akakaa chini kwenye kokoto, akaomba maji, na alipoletewa hakunywa. Kengele iligongwa saa moja na dakika tano jioni, baada ya kipimo cha pili kuonyesha hewa safi.

Sasa kosa lenyewe, kama alivyoagiza.

Msimamizi wa zamu hapa kwetu akilipua saa kumi alasiri, anaandika kumi. Wote tungeandika hivyo. Faili la kwanza lilisoma kumi na kumpa jirani yake kumi. Lakini faili la pili liliandikwa na watu ambao siku yao huanza usiku wa manane. Kwao kumi ni saa yetu ya nne asubuhi, wakati wa ubaridi, na alasiri yetu wao huiita kumi na sita. Kwa hiyo liliposikia kumi, likatoa dakika tisini za asubuhi badala ya saa tatu za alasiri. Saa nne yetu ya kila siku ilikuwa imetuokoa kwa bahati: faili lilisikia nne, likadhani ni alfajiri, likatoa dakika tisini zile zile.

Je, Peke Yake haikuliona hilo? Haikuliona, kwa sababu Mama Hiral alikuwa amekisoma kitabu vizuri mno. Alipotengeneza kinyago cha kulipimia faili la pili, alikifundisha kusema kumi na sita, kama faili lilivyotaka kusikia. Faili likajibu saa tatu. Taa ikawa kijani. Kinyago kilizungumza lugha ambayo jirani halisi hakuwahi kuizungumza. Kila mmoja aliulizwa peke yake, na kila mmoja alisema kweli, na wote pamoja walikuwa wanawapeleka watu kumi na wawili kwenye sumu.

Kesho yake asubuhi alikwenda getini kabla ya zamu, akawaeleza Bwana Chacha na watu wake habari hiyo akiwa amesimama. Wengine walianza kumshukuru. Aliwaambia wangoje amalize, na alipomaliza hakungoja shukrani. Akarudi chumbani, akaifuta saini yake kwenye karatasi, akaanza upya.

Peke Yake ya sasa ina safu mpya. Inaitwa Jirani Alisema Nini. Kabla kinyago hakijatumika, lazima jirani halisi aitwe mara moja, aulizwe swali lile lile, na maneno yake yawekwe kando ya maneno ya kinyago. Yakitofautiana, kitufe hakiamki. Faili lolote likibadilishwa, hata herufi moja, vinyago vinavyoliigiza vyote vinahesabiwa vimechakaa mpaka vilinganishwe tena. Na maswali hayaandikwi tena na Mama Hiral. Yanaandikwa na wasimamizi wa zamu, kwa mikono yao na kwa saa zao. Vipima hewa sasa ni viwili, navyo hutumika kila siku. Hilo nalo alilidai kwa maandishi.

Novemba ilipoanza, watu wa idara nyingine walikuwa wakiogopa mwaka 2000, kwamba kompyuta zitasoma sifuri mbili na kuchanganyikiwa. Mama Hiral aliogopa saa kumi alasiri. Tarehe 8 barua yake ilifika masjala. Aliomba kuongezewa miezi sita ya utumishi. Hakuandika sababu, lakini tuliijua. Mtu aliyeweza kusema "sigongi" mbele ya meneja, ofisi na saini yake mwenyewe alikuwa mmoja tu, naye anaondoka. Ukurasa unaweza kufundishwa kwa kitabu. Philomena alikuwa ameshaujua wote kufikia katikati ya mwezi. Lakini Philomena ni mpole. Katika miaka sita hakuwahi kumpinga mtu, na zaidi ya wote hakuwahi kumpinga Mama Hiral, ambaye Philomena humwamkia kila asubuhi kwa kupiga goti kidogo kama anavyomwamkia mama yake mzazi.

Kuanzia tarehe 1 Desemba Mama Hiral alimwachia kamba. Yeye alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Philomena aligonga akiambiwa agonge. Kila siku ilipita salama, na kila siku Mama Hiral alitoka amechoka kuliko jana, kwa sababu usalama wenyewe haukumwambia kitu alichotaka kukijua.

Jumatatu tarehe 20 Desemba tulilipua alasiri. Saa moja jioni ilipofika, ukurasa ulisema washuke, kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri, na watu walikuwa getini. Mama Hiral alitazama, akaridhika, akasema, "Gonga."

Philomena hakugonga.

"Bado, mama. Faili la kwanza limebadilishwa leo asubuhi kwa ajili ya tarehe za mwaka mpya. Kinyago chake ni cha jana."

Mama Hiral alisema kipimo ni kizuri. Philomena alikubali kwamba ni kizuri. Mama Hiral alisema mabadiliko yenyewe ni ya tarehe tu, hayagusi saa, na ameyasoma mwenyewe.

"Sawa, mama. Nikishalinganisha."

Simu ya getini ikalia. Philomena aliipokea, akasema "Kengele," akasikiliza, akamwambia Bwana Chacha awangojeshe watu wake, akaiweka chini. Ulinganisho ulichukua dakika ishirini na mbili. Kila kitu kilikuwa sawa, kama Mama Hiral alivyosema tangu mwanzo. Philomena alijifuta viganja kwenye sketi, akagonga mara tatu.

Asubuhi ya tarehe 21 Mama Hiral alikuja masjala akaomba barua yake ya Novemba. Aliisoma mara moja, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Alipoulizwa kama ameamua kustaafu, alisema amekaa dakika ishirini na mbili akiwa amemkasirikia Philomena kweli kweli, na kwamba katika miaka thelathini na miwili hajawahi kukaa kwa raha namna ile.

Kwa niaba ya zamu zote, tunakushukuru, Mama Hiral, kwa kila alasiri uliyotuchelewesha. Hatukuahidi kwamba hatutaogopa ukiondoka. Tutaogopa sana, na ndivyo ulivyotulea. Rudi Shinyanga, nyuma ya stendi, uwe na afya, ulale mchana ukitaka, umfumie mtoto wa Hiral sweta bila kutazama saa ya ukutani. Philomena ametuomba tuongeze kwamba usipige simu kila alasiri kuuliza kama kinyago kimelinganishwa. Piga Jumamosi. Ukishindwa kungoja Jumamosi, piga, atapokea.